Watu Elfu Kumi na Moja Kwa Nyamizi

Nchi yenyewe haiko mbali na mambo yenyewe si ya zamani, lakini tukubaliane kwamba iko mbali sana na ni ya zamani sana, ili kila mtu alale kwake. Jina lake halitatajwa. Waliowahi kulitaja bila kulisifu walipata shida, na waliolisifu bila kuombwa walipata shida vilevile, maana waliulizwa wanaficha nini.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo barabara zilikuwa zikiitwa kwa majina ya mashujaa. Shida ya mashujaa ni kwamba hawatulii. Leo mtu ni shujaa, ana barabara ya lami na taa mbili zinazowaka. Kesho amekutwa anakula chakula cha mchana na mtu asiyefaa, na kibao kinang'olewa kabla hajanawa mikono. Barabara itokayo stesheni kwenda sokoni ilibadilishwa jina mara tisa kwa miaka sita, na mwaka wa mwisho ilikuwa na shujaa wa asubuhi na shujaa wa jioni. Fundi wa vibao akajenga ghorofa.

Ndipo Mlezi Mkuu wa Taifa alipofikiri siku tatu mfululizo (redio ilitangaza kila alipoanza na kila alipopumzika) akaamuru barabara zote zipewe majina ya miji ya nje.

"Mji," alisema bungeni, "haujiuzulu. Mji haukimbilii ng'ambo, kwa sababu uko ng'ambo tayari. Na mji, ndugu zangu, hauwezi kugombea."

Wabunge wakasimama kushangilia, na kwa kuwa hakuna aliyewaambia wakae, kikao kikaahirishwa wamesimama.

Basi ikawa Barabara ya Helsinki, ikawa Mtaa wa Montevideo, ikawa Barabara ya Ulan Bator, na hata Kichochoro cha Vienna, chenye upana wa mbuzi mmoja na nusu. Vibao vilikuwa vizuri, vyeupe kwa bluu, na viliwekwa juu sana ili visiibwe. Kwa hiyo havikuibwa, wala havikusomwa.

Maana watu wa mji ule, tangu mji uwe mji, hawakuwahi kufika popote kwa kusoma kibao. Walielekezana kwa vitu na kwa watu. Shuka pale kwenye nguzo iliyoinama. Nyoosha mpaka kwa kinyozi mwenye redio. Ukiona ukuta wa bluu ambao siku hizi ni wa kijani, ujue umepita. Na katikati ya maelekezo yote hayo, penye makutano ya Helsinki na Montevideo, alikaa Nyamizi.

*

Nyamizi alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mnene kiasi, mjane wa waume wawili: mmoja aliyefariki na mmoja aliyekuwa akijifanya amefariki. Alikaanga mihogo kwenye kona ile kwa miaka ishirini na miwili. Mvua ilishamwondoa mara mbili na katapila la mji mara mbili, na mara zote nne alirudi palepale, akihesabu hatua kumi na tatu kutoka kwenye mtaro, akatua jiko, akatua karai, akaweka benchi lake, akaendelea. Chumba alipanga. Waume walimpita. Kona ilikuwa yake, na hakuna karatasi duniani iliyosema hivyo, kwa hiyo aliilinda kwa macho. Kila aliyesimama pale dakika moja zaidi ya muhogo wake, Nyamizi alimtazama mpaka akakumbuka shughuli zake.

Jirani yake alikuwa Shomvi, fundi viatu, ambaye humjua mtu kwa soli kabla ya sura.

"Dada Nyamizi," alisema Jumatatu moja bila kuinua kichwa, "wale wateja wako watatu wapya unawafahamu?"

"Mteja ni mteja. Kwani wananioa?"

"Mmoja kavaa kama muuza mitumba, mmoja kama mwalimu, mmoja kama mlevi. Lakini viatu vyao vimetoka bohari moja. Halafu niambie, mlevi gani huyo anafunga kamba mafundo mawili?"

Nyamizi akawatazama. Wale watatu walikula polepole, wakihesabu watu kwa midomo. Walipomaliza, kila mmoja kwa wakati wake, na kwa sauti ya mtu asiyewajua wenzake, akaomba risiti.

"Shomvi," Nyamizi akanong'ona wakiisha kuondoka, "anayedai risiti ya muhogo hajaja kula muhogo."

"Ndiyo nakwambia. Hesabu hatua zako vizuri, dada yangu. Naona zinataka kuhesabiwa na wengine."

*

Sasa ni lazima ielezwe kazi ya Ofisi ya Tahadhari, ambayo haipo, na iko nyuma ya posta.

Baada ya barabara kupewa majina ya miji, ilitungwa Sheria ya Kutaja Mahali: kila raia anayesema yuko wapi, aseme kwa jina rasmi. Ofisi ya Tahadhari ikanunua mashine ya kusikiliza simu zote za mji ili kuona wananchi wanavyofurahia majina hayo. Wiki ya kwanza mashine ikatoa majibu. Barabara ya Helsinki ilitajwa mara tatu, zote na redio ya taifa. Mtaa wa Montevideo haukutajwa. Bali maneno mengine yalitajwa mara elfu kumi na moja na mia mbili kwa siku, nayo yalikuwa haya: "Niko hapa kwa Nyamizi."

Si kwamba nitapita. Si kwamba nitafika. Niko hapa.

Ofisi ikapeleka wale watu watatu kuhesabu. Wakahesabu wateja sita, na fundi viatu mmoja.

Mwananchi yeyote angeweza kuwaeleza. Katika nchi ile mtu aliyechelewa hasemi amechelewa. Ni kukosa adabu. Yuko nyumbani, mguu mmoja ndani ya suruali, mwingine unatafuta njia, mwenzake anamngoja juani; simu ikilia anasema, "Nimeshafika, niko hapa kwa Nyamizi, dakika mbili." Anayeambiwa anajua, na anayesema anajua kwamba anajulikana, na wote wawili wanaagana kwa heshima. Lakini ndani ya Ofisi ya Tahadhari hakuna aliyethubutu kusema kwamba watu hudanganya kwenye simu. Kazi yote ya ofisi ile, mashine, mishahara na gari la mkurugenzi, vilisimama juu ya imani kwamba kwenye simu watu husema kweli.

Kwa hiyo watu elfu kumi na moja walikuwa kwa Nyamizi, na walioonekana ni sita. Waliobaki walikuwapo bila kuonekana. Mkurugenzi akatafakari kwa kalamu, akachora mstari wa ardhi, na chini ya mstari akaandika: "Wako hapa."

*

Aliyetumwa kumhoji ni Inspekta Luhende, mtu mwembamba, mwenye masharubu membamba, ambaye tangu apandishwe cheo hakuwahi kula kitu kilichopikwa mbele ya macho yake. Alibeba ramani rasmi ya mji. Kwa msaada wa ramani hiyo alitembea saa mbili na nusu, akapita Kichochoro cha Vienna mara nne, na mara mbili akafika nyumbani kwake mwenyewe. Simu yake ikalia akiwa Ulan Bator, jasho linamtiririka.

"Luhende, umefika?" aliuliza mkurugenzi.

"Nimefika, afande. Niko kwenye makutano ya Helsinki na Montevideo."

"Ndiyo wapi huko?"

Luhende akatazama kushoto na kulia. "Kwa Nyamizi, afande."

"Aa, sawa. Sasa umesema."

Mashine ikaandika: elfu kumi na moja, mia mbili na moja.

Hatimaye alimuuliza mwanamke mmoja aliyebeba kuku, naye akamfikisha kwa sentensi moja. Luhende akasimama mbele ya karai, akakunja ramani.

"Wewe ndiye Nyamizi?"

"Inategemea anayeuliza kavaa viatu gani," alisema Shomvi kutoka kando.

"Nyamaza, fundi. Mama, hapa ni wapi?"

Nyamizi akageuza muhogo kwenye mafuta, polepole, apate nafasi ya kulizunguka swali. Alishaulizwa maswali mafupi na watu wenye masharubu. Hakuna lililoishia kwenye ufupi wake. Akisema ni kwa Nyamizi, amevunja sheria. Akisema Helsinki, ataulizwa ameijuaje Helsinki na nani anamtumia barua.

"Hapa ni hapa, baba."

"Watu elfu kumi na moja wanasema wako hapa."

"Hapa?" Nyamizi akatazama benchi lake. "Wamekaa wapi? Benchi hili linachukua wanne, tena wakiwa na njaa."

"Hilo ndilo swali langu."

Nyamizi akacheka, Shomvi akacheka, kisha wakaona wanacheka peke yao.

"Sikiliza, mwanangu," Nyamizi akasema, na sauti sasa ilikuwa ya mtu anayepita penye utelezi. "Hao hawako hapa. Mtu yuko kitandani, anaambiwa uko wapi, anasema niko kwa Nyamizi. Ni maneno tu. Wewe mwenyewe hujawahi?"

Masharubu ya Luhende yakacheza kidogo. "Kwa hiyo unasema raia elfu kumi na moja wa nchi hii ni waongo?"

"Sijasema..."

"Andika," Luhende alijiamuru, maana hakuja na karani. "Mtuhumiwa amewatukana raia."

Akamweleza hali ilivyo, kwa upole wa kiofisi. Ama ameficha jeshi chini ya ardhi, na adhabu yake ni kuondolewa kwenye kona na kufungwa. Ama ameliita taifa zima taifa la waongo, na adhabu yake ni kuondolewa kwenye kona na kuomba radhi redioni. Nyamizi akauliza kama kuna la tatu. Luhende akasema la tatu liko kwenye rasimu, lakini nalo linaanza na kuondolewa kwenye kona.

Akaondoka. Muhogo uliokuwa kwenye mafuta ulikuwa umeungua. Katika miaka ishirini na miwili Nyamizi hakuwahi kuunguza muhogo, na Shomvi, aliyekuwa na mzaha tayari mdomoni, akaumeza.

*

Jumatano wakaja kuchimba. Karai lilisogezwa kando, hatua ishirini kutoka kwenye mtaro, na Nyamizi akakaa pale akiwa mgeni wa kona yake. Waziri wa Majina na Maelekezo, Mheshimiwa Dokta Ngwembe, akahutubia akiwa amesimama kwenye benchi la mihogo.

"Wananchi! Kuna watu wanaotamani kuwa na mji ndani ya mji. Sisi tumewapa Helsinki. Tumewapa Montevideo. Miji iliyopimwa, iliyokubalika na mataifa! Wao wanasema, la, tunataka kwa Nyamizi. Mimi nauliza: Nyamizi ana balozi? Nyamizi ana uwanja wa ndege? Chimba!"

Wakachimba. Kina cha mita moja walikuta vibao vinne vya mashujaa wa zamani, wakavitazama kwa wasiwasi, wakavifukia pembeni. Kina cha mita tatu walikuta buti moja, na buti hilo likapelekwa maabara. Kina cha mita tano walikuta bomba kuu la maji, kwa sururu. Wakazi wa Helsinki, ambao hawakuwa wameona maji ya bomba tangu mwaka wa mashujaa, wakaja mbio na ndoo na kuisifu serikali.

Watu walikuja kutazama shimo, na wasiokuja walisema wamekuja. Mashine nyuma ya posta ikapanda hadi elfu kumi na tisa. Mkurugenzi akapiga simu: wanaongezeka, chimbeni upesi.

Jua lilipokuwa kali, Waziri alichoka, akampigia dereva wake amfuate.

"Uko wapi?"

"Niko hapa kwa Nyamizi, mheshimiwa," dereva akajibu. Nyuma ya sauti yake jogoo aliwika na mtu akasema chakula kinapoa. "Nakuona kabisa."

Waziri akatazama mbele. Akatazama nyuma. Kisha, polepole, akatazama ndani ya shimo.

"Luhende," alisema akimgeukia inspekta, "hata dereva wangu yumo."

Jioni ile uamuzi ukatoka. Kwa kuwa waliojificha hawapatikani, ataondolewa yule wanayejificha kwake. Nyamizi alipewa karatasi ya kuhamia Kijiji cha Mapumziko ya Hiari, kilomita arobaini kutoka mjini, na askari wawili wa kumsaidia kuhiari. Alizima jiko kwa maji. Alifunga karai kwa kanga ya zamani. Kisha akaenda kwenye mtaro akahesabu hatua kumi na tatu, akajikuta kwenye ukingo wa shimo. Akasimama hapo muda kidogo akitazama maji machafu yaliyotuama kona yake ilipokuwa.

"Dada," Shomvi alisema, "niseme nini?"

"Usiseme kitu. Wanasikiliza."

*

Wiki mbili baadaye ulifika ugeni wa watu wanne kutoka Helsinki yenyewe, wajumbe wa kamati ya bustani, waliosikia kwamba kuna barabara yenye jina la mji wao na wakaomba kuiona. Shimo lilifukiwa, vibao vikafutwa vumbi, na msafara wa magari thelathini na mawili ukaondoka hotelini kwa ving'ora.

Gari la kwanza liliendeshwa na dereva mwenye uzoefu wa miaka kumi na sita katika misafara. Hakuwahi kusoma kibao hata kimoja, kwani alikuwa na njia yake: ukiona moshi wa Nyamizi, kata kushoto. Siku hiyo alitafuta moshi. Hakuna moshi. Akanyoosha. Magari thelathini na moja yakanyoosha nyuma yake, kwa sababu msafara hauulizi.

Walipita kwenye tanuri za matofali. Walipita katikati ya harusi, wakapigiwa vigelegele, Waziri akapunga mkono na kupewa mtoto ambebe. Walizunguka machinjio mara tatu.

"Hii nayo ni Helsinki?" aliuliza mjumbe mmoja mzee, kwa heshima.

"Bado ni Helsinki," alijibu Waziri.

"Ni ndefu."

"Tunaithamini sana."

Saa kumi na moja jioni walikutwa katikati ya shamba la mahindi, nje ya mipaka ya mji, wajumbe wakisifu bustani. Siku hiyohiyo gari la zimamoto lilikwenda kuzima moto sokoni likafika mazikoni, na mkunga wa Montevideo akaingia nyumba ambamo hamkuwa na mjamzito ila akatafutwa. Ripoti ya Ofisi ya Tahadhari ilieleza yote kwa sentensi moja: adui ameondoka na njia zetu.

*

Waliomfuata Nyamizi kijijini walikuja na king'ora, wakiwa wameuliza njia mara tano. Yeye alijua wamekuja kumfunga. Alivaa kanga mbili, akachukua mswaki. Walipomshusha kwenye kona, penye udongo mpya uliotiwa zege, na kumwonyesha mwavuli wa serikali, kiti cha serikali, na jiko limeshawashwa, alijua ni kufungwa tu kwa namna ambayo hajaiona bado.

Luhende akasoma kutoka Gazeti la Serikali. Bi Nyamizi ametangazwa Alama ya Taifa Namba Moja. Kona ni yake, imepimwa, imeandikwa, na hakuna katapila litakaloigusa.

"Irudie hiyo ya katapila," Nyamizi akasema.

Akairudia. Nyamizi akashika mkono wa kiti, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano ile ya shimo, macho yakamlegea. Miaka ishirini na miwili akiilinda kona kwa macho, leo imeandikwa.

"Kuna masharti," Luhende akaendelea. "Alama itatoa moshi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Alama haitakonda. Alama haitabadili rangi ya kanga bila idhini. Alama haitaondoka kwenye kiti."

"Na msalani?"

"Dakika saba, kwa fomu. Na kiti hakiruhusiwi kubaki kitupu. Lazima akae kaimu."

"Kaimu wa nani?"

"Wako. Kaimu Nyamizi. Atakuwa mimi, maana ndimi pekee ninayelijua faili." Akakohoa. "Faili linasema mwanamke mnene kiasi, kanga mbili. Kuhusu unene nimeomba nyongeza ya muda."

Mwezi wa kwanza Nyamizi alivumilia. Wa pili shangazi yake akafariki, akaomba siku moja ya kwenda msibani, akajibiwa kwamba alama ya barabarani haina shangazi. Kila alipoinua makalio, watu wawili upande wa pili wa barabara waliinua macho. Mvua zilizokuwa zikimwondoa zamani alianza kuzikumbuka kwa hamu.

"Dada, umeshakuwa kibao," Shomvi akamtania. "Angalia tu wasikupandishe juu ya nguzo."

Nyamizi hakucheka. Alikuwa akimtazama Luhende. Inspekta alikuwa akikaa dakika zake saba, kanga kichwani, masharubu nje, akigeuza mihogo kwa hofu. Na magari yalikuja, yakaona moshi, yakakata kushoto. Mteja alinyoosha mkono na kusema, "Mama Nyamizi, mmoja, uliokauka," bila kumtazama usoni. Hakuna aliyeuliza. Hakuna aliyeshtuka. Nyamizi, akitoka msalani dakika ya tano, akasimama nyuma ya ukuta akaangalia dakika mbili zilizobaki zote, na kitu fulani kikamkaa sawasawa moyoni, kichungu kwanza, halafu kitamu.

Kuanzia siku hiyo akawa mwalimu. Alimwonyesha Luhende namna ya kujua mafuta yameiva kwa kuyasikiliza. Alimwonyesha pilipili ya wateja wa asubuhi na pilipili ya wenye vichwa vizito.

"Kwa nini unanifundisha haya yote?" Luhende aliuliza, kwa kuwa kuuliza ndiyo kazi yake.

"Mwanangu, ukiunguza muhogo, moshi unakuwa mweusi. Madereva wakiona moshi mweusi watajua si mimi. Ripoti itaandikwa jina la nani?"

Luhende akakaza macho kwenye karai.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, Nyamizi akajaza fomu ya nusu saa, inayoruhusiwa kwa mahitaji ya jiko tu: kwenda kununua chumvi. Akainuka. Luhende akafunga kanga, sasa kwa ustadi, akakaa. Nyamizi akamtazama Shomvi, na Shomvi akaanza kukishona kwa bidii kiatu ambacho hakikuwa na tatizo lolote. Akavuka barabara mbele ya wale watu wawili. Hawakuinua macho, kwa sababu kitini alikuwapo mtu.

Mbele kidogo, kijana wa pikipiki akasimama karibu naye. "Mama, samahani, kwa Nyamizi ni wapi?"

Nyamizi akageuka. Kwa mbali, juu ya paa, moshi ulipanda mweupe, umenyooka.

"Pale," alisema. "Penye moshi. Kata kushoto."

Naye akaenda kulia.

*

Alifikia mji mdogo wa kusini kwa binamu yake, ambako hakuna barabara yenye jina lolote. Shomvi alimpigia mara kwa mara, akizungumza kama mtu anayeagiza ngozi.

"Yupo," alisema. "Siku ya kwanza alitaka kutoa taarifa. Nikamuuliza, utatoaje taarifa bila kuinuka, na ukiinuka nani atakuwa kitini? Akakaa. Wiki ya tatu akaandika barua makao makuu kuomba apumzike. Jibu limekuja leo, nimemsomea mwenyewe. 'Kwa Bi Nyamizi. Ombi lako limekataliwa. Unakumbushwa kutokukonda.'"

"Akafanyaje?"

"Akalikunja. Kisha mteja akaja, naye akamuuliza kama atie pilipili."

Nyamizi akacheka mpaka binamu yake akatoka jikoni kuja kuona. Akakata simu, akajinyoosha kwenye mkeka kibarazani, juani, hana jiko, hana karai, hana kiti cha mtu yeyote. Tangu alipofika alikuwa akikaa pale kila asubuhi, asifanye kitu. Aliona raha ambayo hakuwa na jina lake.

Mtu akapita njiani, simu sikioni, anamwelekeza mwenzake. Nyamizi hakumsikiliza, mpaka akamsikiliza.

"Njoo moja kwa moja," mtu yule alikuwa akisema. "Utamwona mama mmoja mnene kiasi, kakaa kibarazani. Hapo kwa huyo mama, kata kushoto."

Nyamizi akainuka, akakunja mkeka, akaingia ndani na kufunga mlango.